Kunguru wa Bibi Tabu

Watu wa Ujiji ya Juu walikuwa na ada moja iliyowashangaza wageni. Wakikaa kusoma hitima, walisoma vizuri, kila mtu kwa sauti aliyopewa na Mola wake. Lakini wakifika katikati ya ile sura ndefu, pale panapotajwa riziki, wote walikata sauti kwa pamoja, wakainua mkono wa kulia hadi usawa wa sikio, wakaupunga mara moja, kisha wakaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mgeni akiuliza, aliambiwa ni ya wazee. Wengine walisema ni salamu kwa malaika wa riziki, wengine wakasema ni kunyenyekea. Shehe mmoja kutoka Tabora aliwahi kuwadai ushahidi, wakamlisha wali kwa samaki wa mgebuka wa kuchoma mpaka swali likamtoka.

Mayasa binti Feruzi alikulia katika ada hiyo. Aliujua mkono huo kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake. Siku hizi hakwenda kwenye hitima kusoma, wala hakusali, na jambo hilo hakulificha. Lakini asubuhi ile, katika chumba cha kufumia cha Nyumba ya Kumbukumbu, alikofanya kazi ya kutengeneza kumbukumbu za watu, baba yake akiwa amelazwa kwenye kiti na kofia ya nyuzi kichwani, midomo yake ikitamka sura ile kwa kusitasita, mkono wa mzee uliinuka wenyewe. Kwenye kioo mbele ya Mayasa pakawaka doa jekundu. Nyekundu ilikuwa na maana moja tu. Mashine ilikuwa inasema hii ni taka, iondolewe.

"Basi anzia hapo," alisema kaka yake kutoka nyuma. "Ondoa."

Mrisho alikuwa mkubwa wake, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, mtu wa kanzu iliyonyooshwa hata siku ya kulima. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, tasbihi mkononi, akiitazama mashine kama anavyotazamwa mkwe asiyejulikana kwao.

"Kaka, bado hatujaamua."

"Mimi nimeshaamua. Wewe ndiye unayechelewesha."

Tangu masika, Mzee Feruzi alikuwa akipotea ndani ya sala yake. Mtu aliyesomesha nusu ya mji alikuwa anafunga sala, anaanza vizuri, halafu maneno yanamwishia. Anabaki amesimama, mikono kifuani, akisubiri. Kisha analia. Majina ya wajukuu yalipomtoka hakujali sana. Hata jina la Mayasa lilimtoka, akacheka na kumwita "wewe mwenye macho ya mama yako," na mambo yakaenda. Sala ilipomtoka hakucheka. Alimshika binti yake mkono akamwambia, "Wewe si fundi wa vichwa? Nirudishie sala yangu."

Fundi wa vichwa alikuwa na njia mbili. Ya kwanza iliitwa nakala safi. Maneno yote, kwa matamshi yaliyohakikiwa na mashehe wakubwa, yanapandwa kichwani asubuhi. Mchana mtu anasoma bila kukwama, na hayamtoki mpaka siku ya kuzikwa. Watoto wengi wa mji walikuwa wamepandwa hivyo. Vyuo vya Kurani vilifungwa, na viboko vya waalimu vikastaafu bila mafao. Lakini kwa mtu aliyekwisha kusoma palikuwa na sharti. Kichwa hakikubali maneno yaleyale mara mbili. Ya zamani na mapya hugombana, na mwenye kichwa huchanganyikiwa. Kwa hiyo kwanza panafagiliwa, na kila kilichoshikamana na maneno ya zamani, sauti, harufu, nyuso za watu, kinakwenda na ufagio.

Njia ya pili ilikuwa kulitafuta shina. Mfumaji anafuata uzi mmoja mpaka kwenye kumbukumbu ya kwanza kabisa ambamo maneno yaliota, anaimwagilia umeme mdogo mdogo, na matawi yanaamka. Hapo hakuna aliyeahidi kitu. Kuna waliodumu mwaka, na kuna ambao hawakuifikia Idi. Na shina likirudi, linarudi na makosa yake yote.

"Baba anaelekea kwa Mola wake," Mrisho alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua ukali. "Nataka aende na maneno yaliyonyooka. Huo mkono hauna ushahidi, mimi na wewe tunajua."

"Mbona na wewe unauinua?"

"Nauinua kwa sababu wote wanauinua." Alihesabu punje mbili tatu za tasbihi. "Mayasa, nitakuuliza jambo, usikasirike. Wewe husali. Unachotaka ni mzee abaki kama picha ya zamani ukutani, uje uitazame ukikumbuka utoto. Lakini yeye hataki kuwa picha. Anataka kusali."

Mayasa hakukasirika. Ilimuuma kwa sababu haikuwa mbali na kweli. Alipokuwa mdogo, baada ya alfajiri, baba yake alimkalisha pajani, akavishika vidole vyake vidogo na kuviweka kwenye koo lake mwenyewe ili binti ahisi herufi zinatokea wapi. Kulikuwa na herufi za juu, karibu na kidevu, na kulikuwa na zile za chini kabisa, zilizotikisa kifua. Shuka lake lilinuka karafuu na moshi wa kuni. Tangu alipoacha kusali hajawahi kuutamani msikiti, lakini koo lile amelitamani kila asubuhi ya maisha yake.

"Nipe mpaka Alhamisi," alisema.

*

Jioni hiyo alipita kwa Mzee Hilali.

Hilali na baba yake walisoma chuo kimoja, utotoni, huko Ujiji ya zamani ambayo sasa samaki ndio wenye nyumba. Ziwa lilipopanda, watu walihamia mlimani na kuacha misikiti, makaburi na visima chini ya maji. Mwaka uliopita Hilali alianza kusahau, wanawe wakamleta Nyumba ya Kumbukumbu, akapandwa nakala safi. Mayasa alikuwepo siku hiyo, akaona madoa yakizimika moja moja kwenye kioo, bila kujua yalikuwa kumbukumbu za nini.

Alimkuta barazani akichambua chikichi, mikono imejaa rangi ya mawese.

"Shikamoo, Mzee Hilali."

"Marahaba, mwanangu. Baba hajambo?"

"Hajambo kidogo. Nimekuja kukusikia ukisoma, kama hutojali."

Hakujali. Alifuta mikono, akafumba macho, akasoma ile sura ndefu kwa matamshi ambayo yangemtoa mtu machozi kwa uzuri. Pale penye riziki alipita moja kwa moja. Mkono wake ulibaki gotini.

"Umesikia? Haikwami popote," alisema alipomaliza.

"Ni nzuri sana. Nani alikufundisha, mzee?"

"Kila mtu ananiuliza hilo. Sijui. Ninayajua tu." Alichukua chikichi nyingine, akaigeuza geuza. "Ni kama namba ya simu iliyomo kichwani mwako na mwenyewe humjui. Ukiipiga inaita vizuri kabisa. Sasa utaongea nini?"

Mayasa alichukua chikichi, akaanza kumsaidia.

"Msikitini naenda, sitaki watu waseme. Wala sikani kitu, Mungu aniepushe. Ila zamani nikianza kusoma nilihisi kama kuna mtu ameketi karibu. Sasa wenzangu wakipunga mikono yao, mimi nimekaa katikati yao kama mzigo ulioachwa na abiria." Alicheka kidogo. "Mwambie baba yako aje tule ugali. Yeye nikimwona namkumbuka, ila sikumbuki tulikutana wapi."

*

Alhamisi asubuhi Mayasa alimlaza baba yake, akamvalisha kofia, kisha akavaa yake, nyembamba, ya mfumaji. Ufumaji wa shina una utaratibu wake. Sauti huja kwanza, harufu inafuata, picha ni ya mwisho. Tena ni jambo la watu wawili tu. Sheria ilikataza kioo kuhifadhi chochote kilichoonekana ndani ya kichwa cha mtu. Kofia ikivuliwa, kimekwisha.

"Soma, baba. Polepole."

Mzee alisoma. Alipokaribia penye riziki, Mayasa alilishika lile doa jekundu na badala ya kulifuta akalifuata.

Alisikia kunguru, wengi, wanagombana. Halafu ikaja harufu, na hiyo hakuhitaji kuambiwa, kwa sababu mtu wa Ujiji anaijua hata akiwa amelala: dagaa waliotandazwa juani. Kisha mchanga, na ufukwe wa zamani uliokuwa mpana, na chanja za kukaushia zimepangwa moja baada ya nyingine. Mwanamke mwembamba, kanga kichwani, kifua kinapiga filimbi kwa pumu, ameketi kwenye kigunia. Mbele yake watoto, kila mmoja na ubao gotini na ufito wa tete mkononi.

Huyu ndiye Bibi Tabu. Alikufa kabla Mayasa hajazaliwa. Mayasa alilijua jina tu, kwa sababu baba yake hakuwahi kumaliza dua bila kulitaja. Bibi huyo alikuwa mjane aliyeishi kwa dagaa, akawafundisha watoto wa ufukweni Kurani, na karo yao ilikuwa kumlindia chanja. Walisoma huku wanalinda. Bibi Tabu alisoma aya, watoto wakaijibu, wakafika penye riziki, naye akainua mkono wa kulia hadi usawa wa sikio.

"Shaa!"

Fito zote zikapunga. Kunguru wakaruka. Darasa likaendelea.

Mayasa alicheka peke yake chumbani mpaka machozi yakamtoka. Mji mzima, vizazi vitatu, wamewasalimu malaika wa riziki kwa adabu, wamefumba macho, kumbe wanafukuza kunguru. Halafu akaacha kucheka, maana mzee alikuwa amefumbua macho na anamtazama, na macho yenyewe yalikuwa yake kabisa, ya zamani, hayajafifia. Ndivyo inavyokuwa shina likiguswa. Mtu hurudi kwa saa chache, kisha huondoka.

"Umeona nini huko? Usinifiche, nakuona unacheka."

Hakuweza kumdanganya.

"Baba, ule mkono. Mlikuwa mnafukuza kunguru kwenye dagaa wa Bibi Tabu."

Mzee Feruzi akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikamwenda upande. "Shehe wa Tabora angejua," alisema, akacheka tena. "Loo, angejua." Kikohozi kikamshika, Mayasa akampa maji. Alipomeza, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Na vingine?"

"Vingine vipi, baba?"

"Nimewafundisha watu huo mkono maisha yangu yote. Niliwaambia wanyenyekee wakiuinua. Kama mkono ni kunguru, kuna kitu gani kingine ambacho ni kunguru?"

Swali hilo Mayasa alilijua. Ndilo lililomtoa msikitini akiwa msichana, mwaka wa kwanza wa kujifunza kazi hii. Aliingia katika vichwa vya watu, akafuata imani zao mpaka chini, akakuta jiko la bibi, shuka la baba, ndugu aliyepona homa. Akajiambia kwamba ukishaona mti ulipoota umeumaliza mti. Alijiona mwerevu. Sasa swali lilikuwa mdomoni mwa baba yake, mzee wa watu, asiye na muda wa kuanza upya, na alitamani alizibe kwa kiganja. Kama angempa nakala safi sasa hivi, swali lingefagiliwa pamoja na kunguru. Mzee angesoma vizuri na asingeuliza kitu tena.

Kidole chake kilikuwa tayari kimekaribia kioo.

"Twende chini zaidi," mzee alisema. "Hapo si mwanzo. Kuna kitu hapo chini, nakijua, sikioni tu."

Akaanza kusoma tena, bila kuambiwa.

Safari hii kunguru hawakusikika. Ulisikika upepo tu, upepo mkali wa siku nyingi, ule unaofanya mitumbwi ilale ufukweni na jiko la kila nyumba lipoe. Chanja zilikuwa tupu, isipokuwa moja iliyokuwa na dagaa kidogo upande mmoja, akiba ya mwisho ya Bibi Tabu. Watoto wengine walikuwa wamekwenda kuteka maji. Aliyeachwa kulinda alikuwa Feruzi, mtoto wa miaka saba au nane, mbavu zikihesabika.

Mayasa alikiona alichokifanya, na zaidi ya kukiona alikionja, na mchanga ukimkwaruza meno. Mtoto alikula dagaa kwa kiganja, haraka, bila kutafuna. Waliobaki akawafunga kwenye pindo la shati, kwa ajili ya mama yake.

Bibi Tabu alirudi na wale wengine, akaitazama chanja.

"Dagaa wamekwenda wapi?"

"Kunguru, Bibi."

Magamba yalikuwa yanang'aa midomoni mwake. Pindo la shati lilikuwa na fundo kubwa kama ngumi. Mtoto aliyesimama karibu naye, mwenye masikio makubwa ambayo Mayasa aliyatambua mara moja kuwa ya Hilali, alifungua mdomo aseme.

Bibi Tabu alimtazama Feruzi. Alilitazama fundo. Kifua chake kilipiga filimbi, kikatulia.

"Wewe ukisema ni kunguru," alisema, "basi ni kunguru."

Akaketi kwenye kigunia, akaanza darasa. Alipofika pale penye riziki alisita. Akaigeukia chanja tupu, akainua mkono hadi usawa wa sikio.

"Shaa!"

Ufukwe mzima haukuwa na kunguru hata mmoja. Watoto walitazamana, kisha na wao wakainua fito, kwa kuwa mwalimu ameinua. Hilali naye akafumba mdomo, akainua. Zamani waliwafukuza kunguru walipokuja. Kuanzia siku ile waliwafukuza kila walipofika hapo, wakiwepo wasiwepo. Upepo ulitulia, dagaa wakarudi, Bibi Tabu akazeeka, chuo kikahamia ndani ya nyumba ambamo kunguru hangeweza kuingia, na bado alipofika hapo aliinua mkono. Hakuna mtoto aliyewahi kumwita Feruzi mwizi. Kila siku mwalimu wao aliwaonyesha kunguru.

Mayasa alivua kofia.

"Nilikula mimi," mzee alisema.

"Nimeona, baba."

"Alijua."

"Alijua."

Mzee Feruzi alilia, ila safari hii hakulia kama alivyolia kwenye mswala. "Siku ile nilimsikia akisoma kuwa wenye kupewa watoe katika walichopewa," alisema, "na yeye alikuwa hana kitu. Akatoa hata kile kidogo, halafu akanistiri. Mimi baada ya hapo sikuhitaji mtu anithibitishie kitabu. Niliona mtu anakifanya." Alijipangusa kwa kiganja. "Ukinitia hiyo safi, atakuwemo?"

"Hapana, baba. Atafagiliwa."

"Na hii yangu itadumu?"

"Siwezi kukuahidi. Pengine miezi. Ikikatika, hakuna cha kupanda tena juu yake. Utabaki bila sala."

Alifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba Mayasa aliogopa amekwisha kuondoka tena.

"Niachie hii," alisema. "Na wewe, nistiri."

*

Mrisho alipofika kabla ya adhuhuri, mzee alikuwa ameketi kitini akinywa uji na kumsimulia muuguzi habari za mbuzi ambaye hakuwahi kuwepo. Shina lilikuwa limemwagiliwa. Macho yalikuwa yamerudi kwenye ukungu wake.

"Baba ameamua mwenyewe," Mayasa alisema. "Anataka shina."

Mrisho alimwendea mzee, akachuchumaa mbele yake. "Baba, ni kweli umeamua?"

"Kuamua nini, mwanangu?"

Mrisho alisimama. Hakupandisha sauti, na Mayasa aliona afadhali angepandisha. "Unaona? Hajui. Nitaaminije?"

"Aliponiambia alikuwa anajua."

"Kuna ushahidi?"

"Hakuna. Kioo hakihifadhi."

"Basi niambie ulichoona huko ndani. Mkono ule una asili gani?"

Neno lilikuwa kwenye ulimi wake. Angesema, kaka yake angelainika hapo hapo, pengine angelia. Lakini angelijua jambo ambalo mwanamke mmoja mwenye pumu alilifunika kwa mkono wake mpaka anakufa, na ambalo mzee aliomba lifunikwe tena. Mrisho alikuwa mwema, ila alikuwa mwenyekiti. Kitu akikijua kuwa ni kizuri hukitolea mawaidha Ijumaa.

"Nimeona asili yake, na ni nzuri," alisema. "Siwezi kukuambia zaidi ya hapo. Naomba uniamini."

"Wewe, unaniomba mimi niamini kitu bila kuonyeshwa."

"Ndiyo, kaka. Mimi."

Mrisho alimtazama dada yake kwa muda. Alimjua tangu anatambaa. Alikuwa mbishi, mkaidi, alimwacha mume mzuri na msikiti mzuri, lakini hakuwahi kusema uongo, hata pale ulipokuwa na faida kwake. Siku alipoacha kusali alimfuata Mrisho dukani kwake akamwambia usoni, wakati wenziwe walikuwa wanatoka tu kwa mlango wa nyuma.

"Ikimkatikia mapema?" aliuliza.

"Nilaumu."

"Nitakulaumu kweli." Aliokota tasbihi yake kutoka kwenye kiti. "Haya. Mvalishe viatu, twende nyumbani."

*

Hitima ya mama yao ilisomwa mwezi uliofuata, mchana, nyumbani kwa Mrisho. Wanaume walijaa sebuleni mpaka ukumbini, wanawake chumba cha pili, na Mayasa akawa mtu wa mlangoni, sinia ya vikombe mikononi, kwa sababu kazi hiyo ilimpa ruhusa ya kusimama katikati ya pande zote bila kuulizwa kama anasoma.

Mzee Feruzi aliongoza. Sauti yake ilikuwa imechoka na matamshi yake yalikuwa yaleyale ya ufukweni, herufi nyingine zikianguka chini kidogo ya mahali pake. Vijana waliopandwa walitazamana. Kwa Mayasa kila herufi iliyoanguka ilikuwa inamgusa vidoleni. Alihuzunika na kufurahi kwa wakati mmoja, na hakujaribu kutenganisha. Mwezi mmoja ulikuwa umepita na shina lilikuwa bado limeshika. Wa pili aliujua Mungu, kama yuko. Hivyo ndivyo alivyosema moyoni, na akajishtukia.

Walifika penye riziki. Sauti zikakatika, mikono ikainuka sebule nzima, wa Mrisho pia. Mzee Hilali, aliyeketishwa kando ya rafiki yake, alibaki na mkono gotini.

Kwa kawaida hapo usomaji uliendelea. Mzee Feruzi hakuendelea. Alibaki na mkono wake juu, akamgeukia Hilali, na watu wote wakasubiri, wakidhani maneno yamemwishia tena. Mrisho alifumba macho.

"Hilali," mzee alisema. "Inua mkono."

"Kwa nini?"

"Kunguru."

Kijana mmoja alicheka, akakanywa kwa jicho. Hilali alitazama dari, akatazama dirisha.

"Kunguru gani? Tumo ndani."

"Wa Bibi Tabu."

"Simkumbuki, Feruzi." Alisema kwa unyonge, kama mtu anayeomba radhi. "Nimejaribu. Simkumbuki."

"Mimi namkumbuka."

Hilali alimtazama. Uso huo aliujua, hata kama hakujua alikutana nao wapi. Aliutazama kwa muda mrefu, masikio yake makubwa yakipitisha mwanga wa dirishani, na Mayasa mlangoni akabana pumzi. Alikuwepo siku kichwa kile kilipofagiliwa. Madoa yale sasa aliyajua: ufukwe ulitoka, chanja zikatoka, na yule mwanamke na kila neno alilowahi kusema vikatoka. Hakikubaki kitu. Angeweza kuapa.

"Wewe ukisema ni kunguru," Mzee Hilali alisema, "basi ni kunguru."

Akainua mkono.

Mayasa aliitua sinia sakafuni ili na yeye apate mkono wa kuinua.